Bagamoyo niliyoiandika na Bagamoyo ya bibi

Wadau, kwanza niwaombe radhi kwa kupotea. Kazi za gazetini mnazijua wenyewe, leo uko mahakamani, kesho uko kwenye mkutano wa waandishi unasubiri mgeni rasmi aliyechelewa saa tatu. Lakini leo nimesema nikae chini niandike, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana na sioni pengine pa kulitemea zaidi ya hapa.

Ilikuwa hivi. Mhariri wangu alinipa kazi ya kuandika makala kwa ajili ya mkazi wa Dar es Salaam mwenye nauli, siku moja ya mapumziko na hamu ya kutoka mjini. Aende wapi? Sikufikiri mara mbili, nikasema Bagamoyo. Ni kama kilomita 70 tu, unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, mara umefika. Nikaenda asubuhi, jioni nikarudi, usiku nikaandika. Kila kitu kilikuwemo: magofu ya Kaole, Misheni, Boma la Mjerumani, soko la samaki, tamasha la sanaa. Na kwa kuwa makala isiyoanza kwa kishindo hainogi, nikaanza na sentensi niliyoipenda mno. Niliandika kwamba kila mguu uliofika Bagamoyo kutoka bara ulifika na mnyororo.

Mhariri akaisifu. Na mimi nikajiona mwandishi kwelikweli.

Siku tatu baadaye nikapigiwa simu kutoka Tabora. Alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Bibi ana miaka themanini na ushee na wakati ule macho yalikuwa yamefifia, kwa hiyo kila nikiandika kitu binamu yangu humtafutia gazeti na kumsomea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Nimesomewa gazeti lako."

Nikasubiri sifa. Kimya. Halafu akauliza taratibu, "Hivi nani kakwambia babu yangu alifungwa mnyororo?"

Ndugu msomaji, mimi kwa upande wa mama ni Mnyamwezi. Nilijua tangu utoto kwamba babu yake bibi aliwahi kwenda pwani, lakini nililijua kama unavyojua kwamba jirani yako aliwahi kufanya kazi bandarini. Sikuwahi kuuliza. Siku hiyo bibi akanisimulia mpaka salio lake likakatika, nikampigia mimi. Babu yake alikwenda pwani mara mbili, kwa miguu yake, kwa hiari yake na kwa ujira. Alibeba pembe za ndovu kwenda na mizigo ya nguo kurudi. Ujira wake ulikuwa nguo, na nguo zile ndizo zilizotumika kumposa mke. "Kijana ambaye hajaona bahari alikuwa anaonekana bado mtoto," akasema. "Wewe mwenyewe upo duniani kwa sababu ya zile doti za merikani. Leo unamwandika mtumwa?"

Nilikosa la kujibu. Nina shahada, nina kitambulisho cha uandishi, na sikuwa nimemuuliza bibi yangu mwenyewe swali moja.

Basi nikaanza kusoma, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kuandika. Kuna kitabu cha mwanahistoria Stephen Rockel kilichotoka mwaka 2006, Carriers of Culture, ambacho chote kinahusu wapagazi wa misafara. Nilichokikuta humo na kwingineko kilinifanya nione haya. Katika njia ya kati, ile iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji, wapagazi wengi wa karne ya 19 walikuwa watu huru waliolipwa, na Wanyamwezi ndio waliovuma zaidi. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, mwendo wa miezi kama mitatu kati ya pwani na Tabora. Wengi waliondoka kwao baada ya mavuno, kiangazi kikiwa kimekauka vizuri, wakitaka wawahi kurudi kulima. Walikuwa na viongozi wao, walijua kugoma ujira ukipunjwa, na msafara ukiwatesa walitua mizigo na kuingia porini. Kazi hiyo iliuawa na garimoshi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mgongo wa mtu haukuweza tena kushindana na behewa.

Sasa msinielewe vibaya. Watumwa walikuwepo Bagamoyo, walipita, waliuzwa, walivushwa kwenda Zanzibar, na wengine walibaki mjini na mashambani wakitumika. Hilo halina mjadala na halipaswi kusahauliwa. Kosa langu halikuwa kuwataja watumwa. Kosa langu lilikuwa neno "kila". Kwa neno moja niliwafuta watu maelfu kwa maelfu, na mmoja wao ni damu yangu.

Gazeti lilitoa masahihisho, mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la kiwanja. Bibi alisomewa akasema, "Haya." Mnaowajua mabibi mnajua "haya" ya namna hiyo ina maana gani.

Kisha bibi akaja Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja likafunguka vizuri. Nikamuuliza angependa kuona nini kabla ya kurudi nyumbani. Nilidhani atasema maghorofa. Akasema, "Nipeleke alikofika babu."

Tulikwenda siku ya Jumamosi, wiki ya tamasha. Tulianzia Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Pale pana mabaki ya misikiti miwili, mmoja unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya mawe yenye nguzo ndefu. Bibi alipita polepole akigusa mawe kwa fimbo. Kuna mbuyu mkubwa ambao wenyeji husema ukiuzunguka unaongezewa miaka. Nikamwambia bibi azunguke. Akacheka, "Zunguka wewe, mimi iliyobaki inanitosha." Nilichokipenda Kaole ni kwamba inakukumbusha kuwa pwani hii ilikuwa na watu wake, misikiti yake na biashara yake miaka mamia kabla ya misafara iliyoipa Bagamoyo jina.

Mjini tukaenda Caravan Serai, jengo lenye ua mpana ambako wasafiri wa bara hukumbukwa. Kijana mmoja wa mtaani alikuwa amejitolea kututembeza. Akaanza kueleza habari za minyororo. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na waliokuja wenyewe je?"

Kijana akatabasamu. "Bibi, wapo. Ila wageni wakifika wanauliza minyororo tu. Wewe wa kwanza kuniuliza wapagazi." Nikatazama chini, maana mimi nilikuwa mmoja wa wageni hao.

Na jina la mji lenyewe lina pande mbili. Wapo wanaosema ni bwaga moyo kwa maana ya kukata tamaa, mtumwa anauacha moyo wake pwani kabla ya kuvushwa. Wapo wanaosema ni bwaga moyo kwa maana ya kutua, mpagazi amefika, mzigo chini, roho imetulia. Makala yangu ilitaja maana ya kwanza tu. Bibi nilipomwambia ya pili alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo analolijua.

Kutoka hapo tukapita njia ya miembe mikubwa kuelekea Misheni. Mapadre wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kituo hiki mwaka 1868 na wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Hapa ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874 kabla ya kupelekwa Zanzibar na kisha Uingereza. Livingstone alifia katika nchi ambayo leo ni Zambia mwezi Mei 1873, na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili ule zaidi ya kilomita 1,500 kwa miezi tisa hivi. Hakuna aliyewasimamia. Mwenye kuwalipa alikuwa maiti.

Chuma, kwa taarifa yako, alikuwa ameokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya utumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Mtu mmoja, mnyororo utotoni, mzigo wa hiari utu uzimani. Ungemweka wapi katika ile sentensi yangu?

Na kuna mwingine ambaye makala yangu haikumtaja kabisa. Sheikh Ramiya, jina lake hasa Yahya bin Abdallah, aliletwa Bagamoyo kutoka pande za Kongo akiwa mtoto mtumwa. Alikua, akasoma, akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, akafariki mwaka 1931 akiwa miongoni mwa watu walioheshimiwa kuliko wote mjini. Maulidi ya Bagamoyo yaliyovuma kwa jina lake yalivuta watu kutoka mbali kwa miongo mingi. Yaani hata yule aliyefika kama mtumwa, hadithi yake haikuishia kwenye mnyororo.

Mchana tulikula soko la samaki, ufukweni. Mzee mmoja muuza samaki alivyomsikia bibi anaongea akauliza kabila. Bibi akajibu. Mzee, ambaye ni Mzaramo, akapiga makofi: "Mtani wangu! Karibu. Mzigo wako uko wapi?"

Bibi hakuchelewa. "Niliutua kwenu, mkauiba."

Watu wakaangua kicheko, na sisi tukapunguziwa bei ya changu. Wazee husema utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulizaliwa kwenye njia za misafara, watu walipokutana mwaka hadi mwaka mpaka ugeni ukageuka ujamaa. Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi nikitaniwa na Wazaramo bila kujua kwamba ninapotaniwa, nasomewa historia ya kwetu.

Jioni tukaingia TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ambayo wengi wetu bado tunaiita Chuo cha Sanaa. Chuo kilianza mwaka 1981, kikawa taasisi mwaka 2007. Tamasha lake hufanyika kila mwaka, mara nyingi kati ya Septemba na Novemba, kwa hiyo uliza tarehe kabla hujafunga safari. Hii ni miezi ambayo zamani mji ulikuwa na watu wa bara. Kikundi kimoja kikapanda jukwaani na majembe, kikaanza bugobogobo. Hiyo ni ngoma ya Wasukuma, lakini Msukuma na Mnyamwezi ni ndugu. Bibi, aliyekuwa anasinzia, akanyanyuka na fimbo yake. Sitasema zaidi, ila kuna picha na sitaziweka hapa kwa sababu nimekatazwa.

Kabla ya giza kuingia aliomba tushuke baharini. Alivua kandambili, akaingia maji mpaka vifundoni, akasimama muda mrefu akitazama mbele kwa lile jicho lake jipya. Sikumwambia kitu. Kisha akatoa chupa tupu kwenye kibegi chake, akainama, akachota maji.

Kwenye gari la kurudi konda akaiona chupa. "Bibi, hayo ya chumvi hayanyweki."

"Sinywi," bibi akasema. "Nampelekea mtu."

Wiki iliyofuata binamu yangu alinipigia kuniambia bibi amefika salama, na kwamba kabla hata ya kula alitaka apelekwe makaburini, akamwagia maji yale kwenye kaburi la babu yake. Nilimpigia jioni nikamwomba samahani rasmi, maana kwa kweli sikuwa nimeiomba. Akasema, "Sasa andika vizuri."

Ndiyo haya nimeandika. Nenda Bagamoyo msomaji wangu. Nenda Kaole asubuhi kabla jua halijawa kali, pita Caravan Serai, tembea chini ya miembe mpaka Misheni, kula samaki ufukweni, na kama ni msimu wa tamasha lala hukohuko usiku mmoja. Ila kabla hujaondoka, mpigie bibi au babu yako, wa kabila lolote, umuulize kama kuna wa kwenu aliyewahi kufika huko, na alifika kwa kazi gani. Na akikwambia, uwe na salio la kutosha.