Asubuhi Moja Katika Jumba la Louvre

Jumba la sanaa la Louvre, lililoko Paris nchini Ufaransa, si nyumba ya mtu kuingia asubuhi na kutoka jioni akisema ameimaliza. Vitu vilivyowekwa humo mbele ya watazamaji vyapita 30,000: picha za rangi, sanamu, vyombo, vito na mawe ya makaburi. Mtu akiamua kukipa kila kimoja nusu dakika tu, bila kula wala kupumzika, atahitaji saa 250. Na kwa kuwa siku za kawaida jumba hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, hesabu hiyo ni karibu siku 28 za kusimama. Hata askari wa lindo hubadilishwa zamu.

Lilianza kama ngome. Mfalme Philippe Auguste aliijenga mwishoni mwa karne ya 12 ili kuulinda mji kando ya mto Seine; wafalme waliofuata wakaigeuza kasri, na tarehe 10 Agosti 1793, wakati wa Mapinduzi, milango yake ikafunguliwa kwa raia. Tangu hapo raia hawajaacha kuja. Mwaka 2018 waliingia zaidi ya milioni 10, na mwaka 2024 walikuwa karibu milioni 8.7. Wakuu wa jumba walilazimika kuweka kikomo cha watu 30,000 kwa siku, na bado haikutosha: tarehe 16 Juni 2025 wafanyakazi wenyewe waliacha kazi kwa saa kadhaa wakilalamikia msongamano, huku wageni wenye tiketi mkononi wakingoja nje.

Mwenye tiketi ya siku moja, basi, hana budi kuamua angali nyumbani ni vitu gani ataviacha. Uamuzi huo ni mgumu kuliko safari yenyewe, na aghalabu ndio huzua ugomvi baina ya watu wanaosafiri pamoja, maana kila mmoja ana sababu yake ya kuja, na si kila sababu husemwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Inspekta mmoja mstaafu wa polisi, mkazi wa Jinja nchini Uganda, aliyesafiri na mkewe mwezi wa Machi 2025 kumwona binti yao ambaye ni muuguzi huko Paris. Jumba pekee la makumbusho walilopata kulijua lilikuwa lile la Kampala, lililoanzishwa mwaka 1908, ambalo waliwahi kulizunguka lote kabla ya chakula cha mchana na bado wakapata nafasi ya kusikiliza ala za muziki zikipigwa. Inspekta alidhani Louvre ni kama hilo, ila kubwa kidogo.

Binti alinunua tiketi mapema, kwa kuwa siku hizi mgeni wa Louvre huchagua siku na saa ya kuingia kabla ya kuondoka nyumbani. Asiyefanya hivyo huweza kufika mlangoni akaambiwa nafasi zimejaa. Aliikwepa Jumanne, siku ambayo jumba hufungwa, akachagua Alhamisi saa tatu kamili asubuhi. Tiketi moja ilikuwa euro 22. (Wanaofikiria safari hiyo sasa wajue kwamba bei iliyotangazwa kuanzia Januari 2026 ni euro 32 kwa mgeni anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi chache zinazohusiana nao, watoto walio chini ya miaka 18 huingia bure.) Saa saba mchana wazee walitakiwa kuondoka wakamchukue mjukuu kwa mlezi wake, na Ijumaa usiku walikuwa na ndege ya kurudi Entebbe. Kwa ufupi, walikuwa na saa nne tu, na mama alikuwa na goti lenye maumivu ya siku nyingi.

Inspekta aliipanga ziara kama alivyozoea kupanga doria. Alipewa ramani na binti, akaichora upya katika daftari, akaandika vitu 19 na dakika za kila kimoja, na mwisho akaweka dakika tano za dharura. Jioni mkewe aliisoma orodha hiyo, miwani puani, kutoka juu hadi chini.

"Mzee," akauliza, "hizi ni picha au ni watuhumiwa?"

Binti alicheka, lakini mama hakucheka. Alitaka kujua atapumzika wapi, ngazi ni ngapi, na kama kuna lifti. Hayo hayakuwamo daftarini. Wengi hupanga hivyo: huhesabu picha, wakasahau kuhesabu miguu. Jumba lile lina lifti, na huazima viti vya magurudumu na viti vya kukunja kwa wasioweza kusimama sana. Lakini lazima mtu aulize mapema vilipo, kwa kuwa kutoka pembe moja hadi nyingine ni mwendo wa kumchosha hata kijana. Usiku ule vitu 14 vilifutwa. Vikabaki vitano, na katika hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa na mwenyewe.

Picha ya Mona Lisa ilikuwa ombi la pekee la mama. Baba yake alikuwa askari, na katika nyumba yao ya kambini palitundikwa kalenda yenye sura ya mwanamke huyo, ambayo baba aliileta mwenyewe kutoka mjini. Mwaka 1979 baba hakurudi kutoka vitani, wala haikuja habari ya kufa wala ya kutekwa. Baada ya miezi michache mkewe na watoto sita walitakiwa kuiacha nyumba ipate kutumiwa na wengine. Walibeba magodoro na vyungu. Kalenda ikabaki ukutani. Inspekta alikuwa amekaa na mkewe zaidi ya miaka 35 bila kuisikia habari ya kalenda hiyo.

Yeye mwenyewe alikuwa na mambo mawili. La kwanza ni jiwe la sheria za Hammurabi, kwa sababu alifundisha sheria kwa makuruti miaka mingi, na kila mwaka somo la kwanza lilianza na jina hilo. La pili ni misingi ya ngome ya Philippe Auguste, iliyofukuliwa katika miaka ya 1980, ambapo sasa mtu huweza kutembea chini ya ardhi ndani ya handaki la zamani. Hilo la pili ndilo alilolitamani zaidi.

Louvre ina mabawa matatu, Denon, Sully na Richelieu, na njia za kuyaendea huanzia katika ukumbi ulio chini ya piramidi ya vioo, iliyobuniwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 1989. Watu wengi humiminika Denon, aliko Mona Lisa. Richelieu huwa na utulivu zaidi. Shauri la binti lilikuwa waanze na Mona Lisa mara mlango ufunguliwapo, kabla umati haujawa mkubwa, kisha waende Richelieu wakati ambapo wengine wanasukumana Denon, na mwisho washuke Sully kwenye ngome.

Lilikuwa shauri jema kwa mwenye magoti mazima. Vijana walipita kwa kasi wakazipanda ngazi. Wazee wakaazima kiti cha kukunja, wakatafuta lifti, na walipofika katika ukumbi wa Mona Lisa palikwisha kuwa na mamia ya watu, simu zimeinuliwa juu ya vichwa. Picha yenyewe ina kimo cha sentimita 77 na upana wa sentimita 53 tu. Leonardo da Vinci aliichora juu ya ubao wa mti wa popla mwanzoni mwa karne ya 16, nayo imewekwa nyuma ya kioo kinene. Katika safu ile ndefu Inspekta alimsimulia mkewe kisa ambacho polisi wa nchi yoyote hukisikiliza kwa haya kidogo. Tarehe 21 Agosti 1911 picha hiyo iliibwa na Vincenzo Peruggia, fundi wa Kiitalia aliyewahi kufanya kazi humo humo. Polisi walimhoji, wakamwacha, naye akakaa nayo Paris zaidi ya miaka miwili, mpaka alipokamatwa mjini Florence mwezi wa Desemba 1913 akitaka kuiuza. Wakati ilipokuwa haipo, watu walipanga foleni kutazama mahali patupu ukutani. (Wezi hawajaisahau nyumba ile. Tarehe 19 Oktoba 2025, asubuhi, wageni wakiwamo ndani, waliingia ukumbi wa Apollo kwa dirishani wakaondoka na vito vya wafalme.)

Baada ya kusonga pole pole walipata dakika moja mbele ya picha. Mama aliitumia yote kwa kutazama. Alisema tu kwamba ile ya kalenda ilikuwa na rangi zaidi.

Kilichomshika kilikuwa nyuma yake. Ukuta wa pili umejaa picha ya arusi ya Kana, aliyoichora Veronese mwaka 1563, yenye upana wa karibu meta 10, ambayo askari wa Napoleon waliitoa Venice mwaka 1797. Kwa kuwa kila mtu anamtazama Mona Lisa, kila mtu ameipa mgongo arusi hiyo, na mbele yake pana nafasi ya kusimama kwa raha. Mama amepika katika arusi nyingi. Hakujishughulisha na mabwana na mabibi waliovaa hariri. Aliwatafuta wanaofanya kazi, akamwona anayekata nyama huko juu, wanaomimina divai kutoka mitungini, wapiga muziki katikati, na mbwa wasio na haraka. Alipowahesabu wageni mezani akatoa hukumu kwamba wapishi hawatoshi.

Sanamu ya Ushindi wa Samothrace, isiyo na kichwa wala mikono, waliitazama dakika tano wakapita. Imesimama juu ya gubeti la merikebu ya mawe, na pengine ilistahili zaidi ya hayo. Lakini goti lilikwisha anza kulalamika, na Richelieu ilikuwa bado mbali.

Jiwe la Hammurabi ni nguzo nyeusi yenye kimo cha meta 2.25, iliyochongwa kwa amri ya mfalme huyo wa Babeli katika karne ya 18 kabla ya Kristo. Juu kabisa mfalme amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki. Chini yake, pande zote, mna maandishi madogo madogo kama nyayo za ndege. Katika karne ya 12 kabla ya Kristo mfalme wa Elamu aliiteka nguzo hiyo kama ngawira, ikapelekwa Susa, katika Irani ya leo, na sehemu ya chini upande wa mbele ikafutwa. Wafaransa waliifukua huko katika majira ya baridi ya mwaka 1901 na 1902. Wakati Mona Lisa akitazamwa na mamia, mbele ya nguzo hiyo palikuwa na watu saba.

Inspekta alikuja na karatasi. Binti alikuwa amemchapia tafsiri ya sheria hizo, ambazo wataalamu huzihesabu kuwa karibu 282, na usiku alizipigia mstari zile zilizohusu kazi yake: ya mjenzi ambaye nyumba yake imeanguka ikamwua mwenye nyumba, na ya shahidi wa uongo katika kesi ya mtu kuuawa. Alimsomea mkewe polepole, akimfasiria kama alivyokuwa akiwafasiria makuruti. Sheria zile zina ukali mwingi, na haki ya mtumwa humo si sawa na haki ya mwungwana. Hapana sababu ya kuzipamba. Alipofika kwenye sheria za askari alitaka kuziruka. Mama akamwambia asome.

Ya 27 na mbili zinazofuata zahusu askari aliyetekwa akiwa katika utumishi wa mfalme. Shamba lake na bustani yake hupewa mtu mwingine atakayeushika wajibu wake. Lakini yeye akirudi, hurudishiwa. Ikiwa ana mtoto wa kiume awezaye wajibu huo, mali hupewa mtoto. Na ikiwa mtoto angali mdogo, theluthi ya shamba na bustani hupewa mama yake, apate kumlea.

Mama aliomba isomwe tena. Kisha akauliza imeandikwa mahali gani. Inspekta hakuweza kuyasoma maandishi yale, lakini kwa kufuata karatasi alikadiria kuwa iko upande wa mbele, kabla ya pale palipofutwa, akaonyesha kwa kidole bila kulikaribia jiwe, maana mlinzi alikuwa akiwatazama.

"Theluthi," mama akasema. "Sisi hata muhogo wetu nyuma ya nyumba hatukuruhusiwa kuungoja ukomae."

Kwa mujibu wa daftari jiwe lile lilikuwa na dakika 25. Baada ya saa nzima mama alikuwa bado ameketi mbele yake kwenye kile kiti cha kukunja, akiuliza. Theluthi hiyo ilipimwa na nani? Na kama mtoto mkubwa ni wa kike, je? Mama akiolewa tena, shamba lilikuwa la nani? Inspekta alijibu aliyoyajua. Dakika 45 zilikuwa zimebaki, nazo hazikutosha kushuka Sully, kuizunguka ngome, kurudisha kiti, kuchukua makoti na kufika kituo cha Palais Royal. Alilitazama daftari, akalitia mfukoni, akasimama kando ya mkewe. Hakuitaja ngome, wala mama hakuikumbuka mpaka jioni, walipoulizwa na binti yao.

Katika treni mama alimtaka mumewe aiandike ile sheria ya 29 kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ampelekee kitinda mimba wa kwao, ambaye mwaka ule wa 1979 alikuwa hajaanza kutembea na sasa ana shamba lake mwenyewe. Inspekta aliiandika nyuma ya ramani. Aliuliza kama aongeze maneno ya kueleza. Mama akasema aandike theluthi, na aandike kwamba iko kwenye jiwe.