Maji Niliyokataa Kuyamwaga

Maji yale yalikuwa ya kumwagwa, nami nikayabakiza. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ni uongo niliomwambia mama wa mtoto jioni ile, na hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Nitayasema yote mawili jinsi yalivyokuwa.

Nina kituo kidogo cha kulea watoto hapa Salgaa, kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Wazazi wengi wanaoniachia watoto wanaishi kwa barabara hiyo. Wanapika hotelini, wanauza chai na mahindi ya kuchoma kwa madereva wa malori wanaolala hapa wakielekea Malaba au wakiteremka Mombasa. Desemba shule zikiwa zimefungwa na watu wa Nairobi wanapopanda kwenda magharibi kwa Krismasi, mama muuza chai ndipo anapopata riziki yake ya mwaka. Hawezi kukaa nyumbani na mtoto. Kwa hiyo mwezi huo kituo hujaa, kuanzia wanaojifunza kutembea hadi wa miaka mitano, na wao pia wanataka sikukuu yao.

Niliwaandalia michezo ya maji. Beseni moja lilikuwa na maji mekundu ya rangi ya chakula, pamoja na vikombe, faneli na chupa za kumiminia. La pili lilikuwa na vijitawi vya saiprasi, ule mti ambao huku ndio mti wa Krismasi, na barafu niliyogandisha nikiwa nimefungia ndani yake majani na nyota za plastiki. La tatu lilikuwa na povu la sabuni. Nilikuwa nimepanga kuwaambia kuwa povu ni theluji, lakini wakaniwahi: kwao ile ilikuwa mvua ya mawe, kitu wanachokijua, na wakaanza kuikusanya kwa viganja na kukimbia nayo kabla haijayeyuka. Niliacha theluji yangu.

Sijajutia michezo yenyewe, na ninataka msomaji alielewe hilo. Mtoto anayemimina maji kutoka kikombe chembamba hadi kipana anajifunza kipimo kabla hajajua kuhesabu. Anayeshika barafu hadi imwachie nyota anajifunza baridi, kungoja na furaha kwa pamoja. Maria Montessori aliwapa watoto wa Roma majagi ya kumiminia maji zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na sababu zake bado zina uzito. Kwa watoto wa Salgaa ipo sababu nyingine. Nyumbani maji hununuliwa kwa mtungi, na mtoto akiyagusa anachapwa mkono. Kwangu walikuwa wanapata ruhusa ya kuyachezea.

Lakini maji nami nayanunua. Ya kunywa nayanunua kando na ya kufulia, kwa sababu maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Tazama meno ya kahawia ya watu waliokulia huku. Kwa hiyo kila nyumba ina maji ya aina mbili. Ya kunywa yanafunikwa, kwa kuwa tunaogopa uchafu uingie. Ya kufulia na kupigia deki yanaachwa wazi kwenye ndoo, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba kinachoweza kuingia ni mtoto.

Michezo ilipokwisha, nilimimina yale maji ya mabeseni kwenye ndoo ya lita 20 iliyokuwa ya rangi ya kupaka ukuta, ili nipigie deki jioni. Ilifika karibu nusu. Nikaiweka nyuma ya mlango wa jikoni, nikaenda kufunga lango.

Hapa lazima nieleze jambo la lango. Salgaa tunaogopa lami. Januari 31, 2009, lori la mafuta lililoanguka Sachangwan, hapo juu tu, lililipuka watu wakiwa wanateka petroli, na zaidi ya watu 100 wakafa. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiihii, na watu 36 wakapoteza maisha katika msimu huohuo wa sikukuu. Tangu hapo barabara imewekewa kizuizi cha katikati, lakini hofu haijatuondoka. Kila mzazi anayekuja kuniona hutazama lango kwanza. Nami nililitazama lango mchana kutwa: komeo mbili, kufuli, mbao zilizobanana mtoto asipitishe hata mkono. Nguvu zangu zote za kulinda zilielekea nje.

Nilipogeuka, mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hakuwapo kwenye mkeka. Sikusikia chochote. Nilikuwa nikidhani anayezama hupiga kelele na kurusha maji, na sivyo: mtoto mdogo huzama kimya. Nilimkuta ameinamia ndoo, kichwa ndani, miguu haigusi sakafu. Alikuwa amefuata nyota ya plastiki niliyoisahau mle.

Sasa najua kilichotokea. Kichwa cha mtoto wa umri ule ni kizito kwa mwili wake, na mikono haijapata nguvu za kumwinua. Akiinama akapoteza mizani, hawezi kujirudisha. Ndoo yenye maji nusu haipinduki naye, inasimama imara. Kina cha sentimita 5 kinatosha kufunika pua na mdomo. Marekani, shirika la serikali la usalama wa bidhaa limeonya kwa miaka mingi kuhusu ndoo za galoni 5, ambazo ni kama lita 19, yaani ndoo hizihizi za rangi tunazozitumia sisi kwa kila kazi.

Nilimtoa, nikamshika miguu nikamning'iniza kichwa chini nikimtikisa, kama nilivyoona watu wazima wakifanya tangu utotoni. Nalo lilikuwa kosa. Kumning'iniza hakuyatoi maji kwenye mapafu, kunapoteza sekunde ambazo anahitaji hewa. Aliyemwokoa ni dereva wa lori aliyesikia mayowe yangu akiwa hoteli ya jirani. Alinipokonya, akamlaza chali, akainua kidevu, akambana pua na kumpulizia pumzi mdomoni. Mtoto akakohoa, akatapika, akalia. Dereva aliniambia nimpeleke hospitali. Nilimjibu kwamba nitampeleka.

Sikumpeleka. Alipolia nilijiambia amepona. Nilimbadilisha nguo, nikaanika zile mbichi, nikamlaza. Nilijiambia wenzake ni wadogo mno kusimulia. Mamake alipokuja jioni, amechoka, ananuka moshi wa jiko, akauliza mbona mtoto amelegea, nikasema alipaliwa na maji ya kunywa. Nilikuwa naogopa kituo kufungwa. Nilikuwa naogopa macho yake pia. Hizo si sababu za kumnyima mama habari za mwanawe, na nilijua hivyo nikiwa ninasema.

Usiku mtoto akaanza kupumua kwa shida. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuharibika polepole, saa kadhaa baada ya mtoto kuonekana mzima. Ndiyo maana anayeokolewa majini hupelekwa hospitali hata akiwa anacheka. Mamake alimkimbiza, na daktari alipouliza, akamjibu kwa maneno yangu: amepaliwa. Kisha mama akanipigia simu kuuliza kama kulikuwa na kingine. Hapo ndipo niliposema kweli, na daktari akaanza upya na habari sahihi. Mtoto alipona. Angeweza kufa kwa uongo wangu baada ya kunusurika ndoo yangu.

Baadaye nilisoma kuhusu Bangladesh, na nililia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Miongoni mwa njia linazopendekeza kuwalinda wadogo hao ni vituo vya kulea watoto. Bangladesh, ambako mama akiwa kazini mtoto huangukia bwawa la nyuma ya nyumba, wamefungua vituo vya vijijini vinavyowatunza watoto saa za asubuhi, na mwaka 2022 serikali ikapitisha mpango wa vituo 8,000. Kazi yangu ndiyo kinga. Mama yule aliniletea mtoto wake mahali ambapo angepaswa kuwa salama kuliko kokote.

Michezo ya maji inaendelea. Mabeseni ni mapana na mafupi, maji hayapiti kina cha vidole vyangu viwili, na msaidizi mmoja hukaa hapo mikono ikiwa mitupu, bila simu wala mboga za kuchambua. Ikiisha, kabla mtoto wa kwanza hajafutwa mikono, maji yanaingia kwenye mtungi wenye kifuniko cha kukaza. Yale ya sabuni tunamwagia mchicha wa mwenzangu mmoja anayesema haudhuriki. Ndoo zote zinalala kifudifudi. Nimejifunza pia huduma ya kwanza, kwa kupulizia pumzi mwanasesere hadi mwalimu akaridhika.

Mtoto yule hayuko kwangu tena, na mamake alifanya sawa kumtoa. Kabla ya kuchapisha maungamo haya nilimpelekea ayasome. Hakunitaka niondoe chochote. Aliniambia niongeze kwamba jioni ile aliniuliza mara mbili, ya pili akiwa amenishika mkono, na mara zote mbili nilimtazama usoni nikamjibu vilevile. Ni kweli, ndivyo nilivyofanya.