Meza, Kivuli na Vitabu vya Garissa

Anayeandika juu ya maktaba za Garissa huanza na ngamia. Mimi nilipanda basi alfajiri jijini Nairobi nikiwa nimeamua ngamia wasubiri. Picha zao zimeshazunguka dunia. Nilichotaka kujua ni kingine: siku ambazo hakuna mpiga picha, maktaba ya umma inamfaa nini mkazi wa kaunti kame iliyo kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, yenye watu 841,353 kwa sensa ya 2019, wengi wao wakiishi kwa kufuata malisho?

Barabara yenyewe ilianza kujibu. Ukishaipita Thika unaingia Matuu, kisha Mwingi, nchi ya asali, na hadi hapo kijani hakijakuacha. Baada ya Nguni na Ukasi vilima vinakwisha, ardhi inalala tambarare, na miti inayobaki ni migunga na mathenge, ule mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka adui wa wafugaji. Vizuizi vya polisi navyo vinaongezeka. Abiria wanashuka, kitambulisho mkononi, wanapanga mstari, wanakaguliwa, wanapanda tena. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu alishuka na mswaki wake wa mti mdomoni, akapanda nao, bila kuikatiza habari aliyokuwa akimpa jirani yake kuhusu bei ya mbuzi.

Bangale, halafu Madogo, halafu daraja. Mto Tana ulikuwa umetulia, mwekundu kwa udongo, na kando yake migomba ya wakulima wa Kimunyoyaya. Ni shida kuamini kwamba maji hayo hayo yaliikata barabara hii mwishoni mwa 2023, yakarudi tena Aprili 2024, magari yakasimama na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Kitabu, sawa na unga na dawa, hufika Garissa barabara ikipenda.

Mjini joto linapita nyuzi 35 na hakuna anayelisimulia. Kina mama wauza maziwa ya ngamia wamepanga madumu yao ya manjano kivulini, bodaboda zinatafuta ukuta wa kujibanza. Saa nane mchana, mtu mwenye akili hatembei. Nilipoingia kwenye ukumbi wa maktaba nilidhani nitaukuta mtupu. Viti vilikuwa vimejaa.

Wengi waliojaza viti hivyo hawakuwa wamechukua kitabu rafuni. Walikuja na vyao: madaftari ya kemia, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zilizokunjikakunjika, maandishi ya masomo ya chuo kwenye simu. Wazee wawili waligawana Taifa Leo, mmoja kurasa za mbele, mwenzake za michezo. Kijana mmoja alikuwa akijaza fomu ya kazi kwa herufi kubwa, polepole, akihesabu nafasi za kalamu. Wakutubi wa Kenya wanaijua hali hii kwa miaka, na baadhi yao huisema kwa masikitiko: watu wanakuja kutumia meza, hawaji kusoma vitabu vyetu.

Sikuona cha kusikitikia. Meza ndiyo huduma yenyewe. Fikiria nyumba ya chumba kimoja cha mabati kwenye jua hilo, watoto sita, na mtahiniwa wa kidato cha nne mmoja. Kama mtahiniwa huyo ni msichana, mambo yanazidi. Nyumbani, msichana aliyeshika kitabu huhesabiwa kuwa hana kazi: atatumwa maji, atabebeshwa mtoto, ataitwa kupika chai mgeni akibisha. Maktabani hatumwi na mtu. Msichana niliyekaa naye meza moja, hijabu ya buluu ya shule, alikuwa amefika tangu asubuhi, na alipoondoka kwenda kuswali aliliacha daftari wazi mahali pake. Hakuna aliyekigusa kiti kile hadi aliporudi.

Hapo sasa ngamia wanaweza kuingia.

Oktoba 1996 Huduma ya Taifa ya Maktaba ya Kenya, KNLS, ilianzisha msafara wa ngamia watatu kutoka Garissa. Shirika hilo lilikuwa limeundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na kwa miongo mitatu lilikuwa, kwa sehemu kubwa, limejenga matawi mijini na kusubiri wasomaji waje. Kaskazini Mashariki wasomaji hawakuja, kwa sababu walikuwa nyuma ya mifugo. Gari lingezama mchangani. Ngamia hazami, hanywi petroli, na maji hayadai kila siku. Mmoja alibeba masanduku mawili ya mbao yenye vitabu kama 400, wa pili hema, wa tatu vikorokoro vilivyobaki. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi msafara ulizunguka shule na makazi ya pembezoni mwa mji, mahali kama Bulla Iftin. Ngamia alipigishwa magoti, mikeka ikatandikwa chini ya mti, vitabu vikapangwa, watoto wakaazima, na baada ya wiki mbili msafara ukarudi kubadilisha. Baadaye Wajir nayo ikapata ngamia wake.

Watu wa mbali waliupenda mno mpango huo. Mwandishi wa Marekani, Masha Hamilton, aliutungia riwaya iliyotoka mwaka 2007, na kisa chake kinamhusu kijana aliyekataa kurudisha vitabu. Wageni wakauona kuwa ajabu. Mfugaji wa Garissa, nadhani, hakuona ajabu yoyote. Kwa karne nyingi duksi, shule ya Kurani, imekuwa ikihama pamoja na boma. Mwalimu anafuata familia, watoto wanaandika aya kwenye mbao, wanasoma, wanaziosha, wanaandika tena. Mvua ikinyesha kwingine, shule inafungasha na kuondoka. Elimu ya kuhamahama ilikuwapo kabla KNLS haijazaliwa. Mkutubi aliyepakia masanduku mgongoni mwa ngamia mwaka 1996 alikuwa akiingia njia iliyokwisha kukanyagwa, na hiyo ndiyo sababu alipokelewa.

Na kazi ya kufanya ilikuwepo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulikuta kwamba Nairobi watu wazima 87 katika kila 100 walijua kusoma na kuandika. Katika uliokuwa mkoa wa Kaskazini Mashariki, Garissa ikiwamo, walikuwa 8.

Swali ambalo halipigwi picha ni lile la kilichomo ndani ya masanduku. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vitabu vya maktaba za umma nchini ilitoka kwa wafadhili, hasa Book Aid International ya London, na msaada huo ni wa kushukuriwa. Lakini mtoto anayeazima kitabu cha kwanza maishani mwake anapaswa kukuta ndani yake kitu anachokijua. Kisomali, lugha ya wengi katika kaunti hii, kilipata hati yake rasmi ya Kilatini mwaka 1972 tu, tena ng'ambo ya mpaka, huko Somalia. Shuleni Kenya mtoto hufundishwa zaidi kwa Kiingereza na Kiswahili. Kwa hiyo hata wachapishaji wetu hawana haraka ya kumwandikia kwa lugha yake. Bibi wa Garissa anaweza kusimulia hadithi za fisi na mbweha hadi usiku wa manane, na mjukuu wake akaenda maktaba asubuhi akaazima hadithi ya mtoto anayecheza na theluji. Hadithi ya theluji si dhambi. Ila isiwe peke yake.

Jioni nilikaa mkahawani na mwalimu mmoja mstaafu, nikamuuliza nani mwenye maktaba: Nairobi au kaunti? Alicheka. “Mwanangu, hilo waulize mawakili.” Jibu la karatasini lipo. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Ukifungua Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, utazikuta katika kifungu kimoja na kamari, leseni za pombe, sinema na ukodishaji wa video, zikitangulia majumba ya makumbusho kwa mstari mmoja. Sidhani waandishi walikuwa na nia mbaya, lakini jirani hao wana tabia yao: leseni ya pombe huiingizia kaunti fedha, maktaba huzitoa. Wakati wa kugawa bajeti, anayeleta na anayetoa hawasikilizwi sawa. Kukabidhiana huduma hizo kati ya taifa na kaunti kumekwenda kwa mwendo wa kobe, na mara nyingi nani anunue vitabu na nani alipe mishahara limebaki swali la kurushiana.

Gharama haina budi kutajwa, maana wasiotaka kujenga huitumia kama kisingizio. Maktaba ya kijijini haihitaji jumba la ghorofa. Kuna mfano uliokwisha kujaribiwa nchini: jamii inatoa ardhi, mara nyingine hata jengo, na KNLS inaleta vitabu na mtumishi. Hivyo ndivyo maktaba za jamii zilivyofika sehemu zisizo miji, kama Kinyambu na Kithasyu kule Makueni, au Werugha kwenye milima ya Taita. Kwa Garissa, yenye maeneo bunge sita kutoka Balambala hadi Ijara, ningeanza na chumba kimoja chenye kivuli kila mahali penye kisima na shule: paneli ya sola, meza, taa ya kusomea baada ya magharibi, rafu ya vitabu vya mtaala na rafu ya vitabu vya kuburudisha. Msafara wa ngamia, au wa bodaboda, ungekuwa wa kuvihamisha vitabu kutoka chumba hadi chumba. Peke yake hautoshi. Mtoto anayepewa kitabu kwa wiki mbili bado anahitaji mahali pa kukisomea.

Nilirudi Nairobi kwa basi la usiku, ukaguzi ule ule, foleni zile zile, na swali la nani alipe likiwa bado kichwani. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kila kaunti yanatakiwa kuwa yamefika kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Vikao hivyo hutangazwa, na mara nyingi viti vyake havijai. Kama unaishi Garissa, au Makueni, au Taita Taveta, nenda ukaketi. Ukipewa nafasi uliza mwaka huu maktaba imetengewa shilingi ngapi za kununua vitabu na ngapi za kuwasha taa, na udai kuonyeshwa ukurasa zilipoandikwa.