Monita Iliyomgeukia Mteja

Katikati ya miaka ya 2000, ukitaka kuandikiwa barua ya maombi ya kazi au mkataba wa kiwanja pale Biharamulo mjini, ulikwenda steshenari, ukakaa kwenye benchi na kumtajia mchapaji maneno yako. Wewe uliona chogo cha monita tu. Barua yako uliiona ikishatoka kwenye printa, na hapo hela ya ukurasa ulikuwa unadaiwa tayari.

Dukani kwetu tulibadilisha hilo kwa kuweka kadi mbili za VGA, za kampuni mbili tofauti, ndani ya kompyuta moja. Nilikuwa mchapaji na fundi pale kabla sijahamia Ngara, na hadi leo naihesabu kuwa kazi bora niliyowahi kufanya kwa bisibisi.

Mashine yenyewe ilikuwa ya Windows XP. Mazabodi ilikuwa na sloti moja tu ya AGP, nayo ilishikwa na GeForce2 MX ya NVIDIA. Sloti nyeupe za PCI zilikuwa wazi, tukachomeka humo ATI Rage Pro, kadi kuukuu ya miaka ya 1990 iliyotoka Mwanza na mzigo wa vipuri, ikavushwa kwa kivuko cha Busisi. Uliingia kwanza kwenye BIOS kuchagua kadi ya kutangulia kuwaka. XP iliipa kila kadi draiva yake, kisha ukabofya skrini yenye namba 2 na kuiruhusu iendeleze ile ya kwanza. Ukisukuma mausi kulia, mshale ulipotea ukingoni na kuibukia kwenye monita ya jirani.

Waya wa kugawa picha ungekuwa rahisi zaidi, ila ungeonyesha kilekile kwa ukubwa uleule. Kwa kadi mbili, kila skrini ilijitegemea. Kwenye Word nilifungua dirisha la pili la waraka uleule, nikalipeleka upande wa mteja na kulikuza hadi asilimia 200. Mimi nilibaki na ukurasa mzima. Mzee aliyesahau miwani nyumbani aliona herufi kubwa zikijipanga kadiri nilivyogonga.

Ughaibuni, tangu mwaka 2004, NVIDIA ilikuwa ikiwauzia wapenzi wa michezo ya kompyuta mfumo wa SLI, wa kadi mbili zinazofanana zinazosaidiana kuchora picha moja kwa kasi. Zetu hazikufanana wala hazikusaidiana. Kila moja ilikuwa na mtu wake wa kumhudumia.

Faida yake niliiona kwenye majina. Wahangaza na Washubi wa Ngara, na Wasubi wa Biharamulo, wana majina ambayo sikio la mgeni huyakata. Babu mmoja alikuja kuandikisha mkataba wa shamba, akaikazia macho ile monita.

"Mwanangu, hapo umeandika Zeimana."

"Sivyo ulivyosema, babu?"

"Mimi ni Nzeyimana. Irudishe N yangu."

Nikairudisha akiona, akatikisa kichwa kuridhika, tukaendelea. Kwingine herufi hiyo ingegunduliwa baada ya mashahidi kutia sahihi, au isingegunduliwa kabisa. Na Ngara, wilaya jirani, inapakana na Rwanda na Burundi. Ilipokea umati wa wakimbizi pale Benaco mwaka 1994, na Warundi wakaishi Lukole kwa miaka mingi. Katika wilaya kama hiyo, jina lililokosewa kwenye karatasi linaweza kumfanya mwenyeji aulizwe uraia wake.

Mwaka 2007 ikaja Windows Vista. Mfumo wake mpya wa draiva ulitaka kadi zote zitumie draiva moja, kwa hiyo ya NVIDIA na ya ATI hazikuweza tena kukaa pamoja. Windows 7 ililegeza sharti hilo mwaka 2009, lakini dukani monita ya pili ilikuwa imeshauzwa. Umeme wa jenereta za dizeli ulikuwa wa kubahatisha, na kuwasha monita ya pili ya chogo kulionekana anasa.

Leo kikwazo hicho hakipo. Kompyuta nyingi za mezani zina uwezo wa kuonyesha picha ndani ya prosesa yenyewe, na nyuma kuna matundu ya kuchomeka monita mbili bila kuongeza kadi yoyote. Ukitaka kuongeza ya kampuni nyingine, Windows ya sasa inazipokea zote. Monita bapa zinakula umeme kidogo. Lakini mteja anatuma maneno yake kwa WhatsApp, anarudishiwa faili, anaisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, au haisomi. Kosa linaibuka siku jina la cheti linapokataa kufanana na la kitambulisho cha NIDA, na anaanza kuhangaikia hati ya kiapo kwa wakili.

Hilo linaniuma. Tulipokuwa na kadi kuukuu zisizoelewana, tulihangaika hadi mteja akaona anachoandikiwa; sasa mashine inaweza kila kitu na hakuna anayemgeuzia skrini. Wenye steshenari wa Ngara, Benaco na Biharamulo, nunueni monita moja iliyotumika na muielekeze kwenye benchi. Anayelipia karatasi ana haki ya kulisahihisha jina lake kabla halijachapwa.