Coventry: Waliimba Umoja, Wakashindwa Kukaa Pamoja

Msomaji, ukijaliwa safari ya Uingereza wewe na mwandani wako, msiishie London. Pandeni treni pale Euston. Baada ya saa moja hivi mtashuka Coventry. Watawaambia hakuna cha kuona huko. Achaneni nao!

Hapa ndipo ilipozaliwa bendi ya The Specials, mwaka 1977. Coventry ulikuwa mji wa viwanda vya magari, na kazi zilivutia watu hadi kutoka Jamaika na India. Kazi zikaanza kupungua, vijana wakabaki kuzurura, chuki za rangi zikapamba moto. Mpiga kinanda Jerry Dammers akaja na wazo: chukua ska ya Kijamaika, ile ya kuchezeka, uichanganye na hasira ya panki. Jukwaani walikuwa saba, Wazungu watano na Weusi wawili. Mwaka 1979 akaanzisha lebo ya 2 Tone, iliyotambulika kwa miraba yake myeusi na myeupe. Ujumbe ulieleweka hata kabla hujasikia wimbo.

Julai 1981 kibao chao Ghost Town, kuhusu mji uliogeuka mahame, kilishika namba moja Uingereza kwa wiki tatu. Wakati huohuo miji kadhaa ilikuwa inawaka kwa ghasia. Yaani redio na mtaa vilisema kitu kimoja.

Sasa hapa ndipo penyewe. Kileleni pale, wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawaivi tena. Waimbaji Terry Hall na Neville Staple, pamoja na mpiga gitaa Lynval Golding, wakaondoka mwaka huohuo na kuunda Fun Boy Three. Dammers hakukata tamaa: mwaka 1984, bendi ikiitwa The Special AKA, akatoa wimbo wa kudai Nelson Mandela aachiwe huru. Mandela alitoka gerezani 1990.

Wenzake walikuja kuungana tena na kufanya ziara mwaka 2009, lakini bila Dammers. Albamu yao Encore ilishika namba moja mwaka 2019. Desemba 2022 Hall akafariki. Nafasi ya kukaa wote saba ilikuwa imeshapita.

Kabla ya kuondoka, tembeleeni kanisa kuu lililolipuliwa kwa mabomu usiku wa Novemba 14, 1940. Magofu hayakubomolewa; kanisa jipya lilijengwa ubavuni mwake na kuwekwa wakfu 1962. Kaeni kidogo pale ndani ya kuta zisizo na paa. Jamani, kukubaliana kuhusu dunia ni rahisi kuliko kukubaliana nyumbani. Kama kuna neno mmelikalia kwa muda mrefu, wewe na mwenzio, lisemeni hapo hapo. Treni ya kurudi itawasubirisha, lakini ipo.