Chini ya Mkorosho wa Chilangala

Chilangala iko katika wilaya ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako mchanga huinywa mvua yote wala hauachi kijito juu ya ardhi. Tulifika mwezi wa Agosti, kiangazi kimeshika, nyasi zimekauka, nayo mikorosho imesimama mibichi ikichanua, kwa kuwa mizizi yake yazama mbali. Asili ya mti huu ni Brazili. Wareno ndio walioufikisha pwani zetu.

Mwenyeji wetu alitukaribisha kivulini, na kabla hatujakaa akatuonya: "Angalieni, wanangu, hapo pana maji moto." Nao ni wale chungu wekundu washonao majani kwa nyuzi za funza wao wachanga. "Huniuma kila nikipogoa," akasema, "lakini siwachomi moto."

Sababu yake ni hii. Majani ya mkorosho hupokea nguvu ya jua, yakaigeuza kuwa chakula cha mti. Huja mdudu aitwaye mbu wa mikorosho (si huyu atuletaye homa) akafyonza machipukizi, yakanyauka. Maji moto humla mbu huyo. Mjusi naye hula wadudu, na kipanga hushuka akamnyakua mjusi.

Lakini, ndugu msomaji, nguvu hiyo haivuki yote. Mmarekani Raymond Lindeman aliipima katika ziwa dogo la Minnesota, na makala yake ikatoka mwaka 1942, miezi michache baada ya kufa kwake. Wataalamu hukadiria kwamba aghalabu ni kama sehemu 1 katika 10 tu ipandayo ngazi. Nyingine hupotea kwa joto, pumzi na mwendo, au hubaki katika mavi na mizoga. Basi majani ya nguvu 10,000 hupata wadudu wa 1,000, mijusi wa 100, na kipanga wa 10. Chungu tulishindwa kuwahesabu. Kipanga tulimwona mmoja kutwa nzima.

Mchana tuliletewa muhogo tele na nyama ya mbuzi kidogo. Mzee akatuomba radhi, ambayo haikuhitajika: shamba lishibishalo nyumba kwa muhogo halitoshi kuishibisha kwa mbuzi.

Jirani yake alinyunyiza sumu ya wadudu. Mbu, walao mti wenyewe, walirudi upesi. Maji moto, wategemeao windo, hawajarudi bado. Mzee alituonyesha mikorosho ile, ncha zake nyeusi kama zilizounguzwa.

Tulipoaga, chungu mmoja alikuwa amekwisha kuniuma shingoni.