Kabla Bei Haijatajwa

Mimi ni mzaliwa wa kaskazini mwa Mafia. Wazee wetu walivua katika maji ya Shungimbili, kisiwa ambacho leo ni eneo tengefu la bahari na kina nyumba ya kifahari ya watalii iitwayo Thanda. Barazani kwetu habari yake ni fupi: "Kisiwa kimeuzwa." Nani kauza, nani kanunua, kwa muda gani, hakuna aulizaye.

Nilianza kuuliza baba alipofariki akatuachia shamba la minazi. Kimila, kwetu mnazi ni mali peke yake na ardhi peke yake; mtu huweza kununua miti, chini pakabaki pa wenyewe. Kaka yangu akampata mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Dalali alikuja na karatasi ya daftari, imeshaandikwa: "Nimemuuzia shamba langu la minazi, mashariki limepakana na fulani, kusini bahari." Ilikuwa inangoja dole gumba na muhuri.

Mnunuzi alifuatana na wakili, kijana mwenye adabu. Alimwamkia mama shikamoo, akaisoma karatasi, akauliza: "Mama, msimamizi wa mirathi ni nani?" Tukatazamana. Akatueleza kwamba mali ya marehemu haiuzwi na mtoto mmoja, hata akiwa mkubwa. Anayehamisha ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kisha akaweka kidole kwenye neno "bahari": sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mnunuzi alikuwa anataka kujenga hapo hapo.

Siku ile bei haikutajwa tena. Tulikwenda Mahakama ya Mwanzo, kaka akateuliwa. Mama akapata thumni yake, yaani moja ya nane, nasi mabinti mafungu yetu. Katika kuhangaika huko ndipo nilipoelewa maneno ambayo zamani yalinipita masikioni. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Mwananchi anachomiliki ni haki ya kuitumia. Hatimiliki inayotolewa na serikali ina muda, usiozidi miaka 99. Ardhi ya kijiji ina hati ya hakimiliki ya kimila, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa hadhi sawa na hatimiliki hiyo. Ila ukitaka kumhamishia asiye mkazi wa kijiji, lazima Halmashauri ya Kijiji iridhie. Asiye raia hamilikishwi ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Nilipojua kwamba kinachotolewa ni haki ya kutumia tu, ndipo nilipoacha kusema Shungimbili imeuzwa.

Mafungu ya ndugu wawili yaliuzwa, kwa kikao na kwa ridhaa ya wake zao. Langu nimelibakiza, limepimwa, lina hati yenye jina langu.

Leo majirani wakiletewa mnunuzi huniita kabla ya mwenyekiti wa kijiji. Nawauliza: unauza miti au na ardhi? Jina la nani limo kwenye hati? Mwenzako amekubali? Kijiji kimeridhia? Dalali mmoja ameniambia ninaharibu biashara. Nimemjibu kuwa biashara inayoharibika kwa maswali manne, heri iharibike kabla pesa hazijaliwa.